Dola za Kichwa Kidogo za Mama Doroti

Siku nilipoanza kazi kwenye duka la kubadilishia fedha za kigeni pale Moshi mjini tulikuwepo watu watano, na wote nitawataja. Alikuwepo Bwana Karim, mwenye duka, ambaye baba yake alikuwa akinunua ngozi za ng'ombe kwa marehemu baba yangu. Alikuwepo Meneja, Bwana Tarimo, mtu wa Rombo aliyeoa kwetu Machame. Mke wake na mimi tuliimba kwaya moja, yeye sauti ya kwanza, mimi ya pili. Alikuwepo Yusta, keshia, binti wa Kibosho, ambaye mama yake aliuza ndizi pamoja nami Kiboriloni mpaka magoti yakamkatalia. Alikuwepo Mzee Saidi, mlinzi, Mpare. Huyo hakuwa na undugu na yeyote kati yetu, na ndiyo maana tulipogombana yeye ndiye aliyetupatanisha. Wa tano nilikuwa mimi, Mama Anaeli, mjane, darasa la nne, niliyeletwa pale na mke wa Meneja ili nifagie na kupika chai.

Meneja alinisimamisha mbele ya meza yake kabla sijashika hata ufagio.

"Mama Anaeli, hapa kuna sheria mbili. Ya kwanza, chai isisogee karibu na noti. Ya pili, unachokiona dirishani kinabaki dirishani. Hata akija mchungaji wako."

Nikauliza, "Hata mchungaji?"

"Hasa mchungaji."

Yusta alicheka mpaka akaangusha mihuri. Meneja hakucheka. Alikuwa amefanya kazi benki ya serikali miaka mingi, na alituambia ameshaona ndugu wakinyimana salamu kwa sababu karani mmoja alisema fulani ameweka kiasi gani.

Nyie wajukuu mnaosoma haya hamtaelewa hofu ya siku zile msipoambiwa ilikotoka. Kabla ya hapo, mtu kukutwa na dola ilikuwa kesi. Aliyeletewa na mtoto wake wa ng'ambo aliificha chini ya magunia ya kahawa, na aliyetaka kuibadilisha alienda kwa mtu anayemjua mtu. Kisha serikali ikaruhusu, maduka kama letu yakafunguliwa, bei ikaandikwa ubaoni mchana kweupe: bei ya kununua upande mmoja, bei ya kuuza upande wa pili. Lakini ruhusa iliingia mjini upesi kuliko ilivyoingia moyoni. Namkumbuka Mzee Lazaro wa Sanya Juu, alikuja na kofia imeshuka hadi machoni, akamnong'oneza Mzee Saidi, "Polisi wako wangapi humo ndani?" Mzee Saidi akamjibu, "Yuko mama mmoja tu, na ana chai." Ndipo akaingia.

Nilifagia na kupika chai kwa muda mrefu. Kisha watalii wakaongezeka, dirisha likazidiwa, Meneja akanipa kiti nyuma ya Yusta nikawa mnyoosha noti. Kazi hiyo sasa sidhani kama ipo. Noti zikishapokelewa zinawekwa mbele yako, unazigeuza ziangalie upande mmoja, unafungua pembe zilizokunjwa, unazitenga kwa ukubwa na kwa mwaka. Zenye mashaka unampa Meneja. Yeye alikuwa na taa ya mwanga wa zambarau ndani ya kasha jeusi. Noti halali ikiwekwa chini yake inabaki imepooza, na uzi ulio ndani ya karatasi ndio unawaka peke yake. Karatasi ya uongo inang'aa yote kama shati jeupe lililotiwa buluu. Alinifundisha pia kukwaruza kwa ukucha kola ya koti la yule mzee aliyechorwa kwenye noti ya dola. Wino wa kweli una mikwaruzo, unaisikia. Nilikuwa mzito kujifunza, naye hakunikemea hata siku moja.

Mlima unaharibu sana pesa, hilo watu wengi hawalijui. Mpagazi anapewa bahshishi kule juu au kwenye geti la hifadhi, anaiweka kwenye soksi, anashuka nayo kwenye mvua na matope, ikifika kwetu ina jasho na masizi ya jiko la mafuta ya taa. Mkewe akiiona anaionea huruma. Yuko mmoja, Mama Ndeshi, aliifua kwa sabuni ya kipande, akaianika kwenye kamba na vibanio, kisha akainyoosha kwa pasi ya mkaa. Alitukabidhi kwa fahari, "Nimewaletea safi." Ilikuwa na alama ya pasi mgongoni, rangi ya kahawia. Yusta hakujua aanzie wapi kumwambia.

Maneno magumu kuliko yote katika kazi ile yalikuwa hayo: hii hatupokei. Watu walituona wakaidi. Lakini sisi tulikuwa njia tu. Bwana Karim naye alizipeleka kwa wanunuzi wakubwa, na hao wakikuta iliyochanika, iliyoandikwa kwa kalamu au iliyogongwa muhuri wa ajabu, walimrudishia ikamfia mkononi. Mwenye subira alishauriwa aipeleke benki kubwa, ipelekwe nchi ilikotoka ikakaguliwe. Jibu lilichukua miezi, nayo gharama ikakatwa humo humo. Mpagazi gani ana miezi?

Halafu kikaja kichwa kikubwa. Wamarekani walibadilisha noti zao, picha ya yule mzee ikawa kubwa na kusogea pembeni. Watu wakaziita mpya kichwa kikubwa na za zamani kichwa kidogo. Kwao Marekani zote mbili ni pesa sawasawa mpaka leo. Lakini huku kwetu, kwa kuogopa za bandia, wanunuzi wakubwa wakaanza kukataa kichwa kidogo, na sisi tukalazimika kukataa. Mgeni anatoka kwao na pesa halali, anashuka kwenye ndege, pesa imezeeka njiani. Humwelezi akaelewa.

Ndivyo alivyofika Mama Doroti.

Alikuwa mama wa Kimarekani, mtu mzima wa umri wangu au kunizidi kidogo, mrefu, amekonda, amevaa kofia ya kijani. Alimpa Yusta noti kubwa kubwa za kichwa kidogo, nyingine zimegandishwa pembeni kwa utepe wa plastiki. Kilichonifanya nizitazame ni jinsi zilivyokunjwa: kila moja mara tatu, ikawa nyembamba kama utambi. Zikifunguliwa zilijikunja tena zenyewe. Yusta akamwambia kwa Kiingereza kwamba hatuzipokei. Mama Doroti hakugomba. Alizirudisha kwenye mkoba mdogo aliouvaa kiunoni, akatoa nyingine mpya, akabadilisha, akashukuru, akaondoka. Kesho yake akapanda mlima kwa njia ya Machame.

Aliyempandisha alikuwa Elirehema, mtoto wa marehemu kaka yangu. Mimi ni shangazi yake wa tumbo moja na baba yake, na nilimlea miaka miwili mama yake alipougua. Alianza kama mpagazi akapanda mpaka kuwa kiongozi wa msafara. Wapagazi wake walikuwa watu wa nyumbani: Ombeni, aliyekuwa rafiki yake tangu wakichunga mbuzi pamoja, na Felisi, na Aminieli. Wale watatu hawakwenda na kiongozi mwingine.

Sasa kuna desturi ya watu wa mlimani ambayo lazima niieleze. Bahshishi inagawiwa getini. Msafara ukishashuka, hata viatu havijavuliwa, kiongozi anatandika turubai, anaweka kila alichopewa na mgeni pale katikati, wote wanaona, kila mtu anachukua chake. Hakuna maandishi wala risiti. Macho ya wote ndiyo risiti. Kiongozi akigawa nyumbani kwake, hata kama amegawa kwa haki kabisa, tayari kuna neno.

Siku ile waliposhukia geti la Mweka, Mama Doroti alimpa Elirehema bahasha iliyofungwa kwa gundi, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili akilia. Elirehema aliona haya kuichana bahasha mbele ya mama anayelia. Mvua nayo ilikuwa inamwagika. Akawaambia wenzake, "Ni noti kubwa, hatuwezi kuzikata hapa. Kesho nazibadilisha mjini, tunagawana shilingi." Wakakubali. Akalala na bahasha.

Asubuhi alizunguka mjini maduka yote. Letu alikuja nikiwa nimetumwa posta, Yusta akamrudisha kama alivyomrudisha mwenye nazo. Jioni akapanda nyumbani mikono mitupu, akawaonyesha wenzake: zote kichwa kidogo, nyingine zina utepe. Ombeni alizigeuza geuza, akauliza swali moja tu.

"Kaka, hizi ndizo zilikuwa kwenye bahasha?"

Kwa sababu maneno yalikuwepo mjini, mjue. Ilisemekana kuna viongozi wanaopokea kichwa kikubwa kwa mgeni, wanakwenda kuwabadilishia wapagazi wao kichwa kidogo kilichonunuliwa kwa bei ya kutupa. Na Elirehema ndiye aliyekuwa na shangazi anayefanya kazi kwenye duka la dola. Mimi.

Mimi nililijua hilo Jumapili. Kwetu baada ya ibada sadaka za mavuno zinanadiwa nje ya kanisa: ndizi, mayai, maziwa, pengine jogoo. Elirehema alipandisha bei kwenye mkungu mmoja wa ndizi. Nyuma ya watu sauti ya Ombeni ikapaa:

"Nunua kaka, nunua! Hela za wenzako hizo, zisikuishie mfukoni!"

Mnadishaji, Mwalimu Nathanaeli, alibaki ameinua mkungu juu, hajui aushushe au auendeleze. Watoto waliendelea kucheka wakidhani ni utani. Wakubwa walitazama chini. Elirehema aliweka pesa yake kwenye sahani, hakuchukua ndizi, akaondoka. Mzee Kundaeli, mzee wa kanisa, akasema hapo hapo kwamba kesho alasiri wote wanne wafike nyumbani kwake, jambo hili lisiote mizizi.

Mchana ule Elirehema alikuja kwangu. Hakukaa. Alinionyesha zile noti, na kabla sijazishika zilikuwa zimeshajikunja mara tatu, nyembamba kama utambi.

"Shangazi, wewe uko pale. Hujawahi kumwona huyu mama? Kofia ya kijani, mrefu?"

Sheria ya Meneja nilikuwa nimeishika miaka yote hiyo. Niliyoyaona pale dirishani hata Anaeli wangu hakuyajua. Tena nikawaza, nikisema nimeziona, nani ataniamini? Shangazi anamtetea mtoto wa kaka yake, tena shangazi mwenyewe ndiye wanayedhani aliuza zile noti. Nikamwambia, "Niachie mpaka kesho."

Akanitazama. "Hata wewe, shangazi?"

"Nimesema niachie mpaka kesho. Kula."

Hakula. Kiongozi asiyeaminiwa na wapagazi wake hana kazi. Lakini hilo lilikuwa dogo. Angeishi pale pale, kwenye kihamba cha baba yake, yaani shamba la urithi la ukoo, akiitwa mwizi na watu aliokua nao, na watoto wake wakiitwa watoto wa mwizi.

Jumatatu asubuhi sikuwasha hata jiko la chai. Nilikwenda mezani kwa Meneja, nikamweleza yote. Alisikiliza huku akichokonoa meno kwa kijiti cha kiberiti, ndiyo ilikuwa tabia yake akifikiri.

"Unajua nitakachosema, Mama Anaeli."

"Najua, Meneja."

"Leo ukisema la huyu kwa sababu ni jema, kesho utasema la yule. Na hata usiposema, watu wataanza kudhani unasema."

"Mimi siombi kusema. Nikisema mimi, nitaitwa shangazi wa mwizi tu. Nataka mwenye pesa akaseme mwenyewe. Mimi nikamwite."

"Na ukimkuta utamwambia nini?"

"Nitamwambia kijana aliyempandisha mlima ana shida."

Kijiti kikasimama. "Hilo si la dirishani," akasema. "Hilo la kijijini." Akavuta simu ya mezani akaanza kupigia hoteli moja baada ya nyingine, akiuliza kwa sauti yake ya benki kama bado yupo mgeni wao mama mtu mzima aliyeshuka mlimani. Hoteli ya tatu au ya nne wakamwambia yupo, lakini kesho alfajiri anaondoka na basi la Nairobi. Akaweka simu. "Nenda na Yusta, Kiingereza chako tunakijua. Dirishani nitakaa mimi."

Meneja hakuwa amekaa dirishani miaka. Mzee Saidi alinisimulia baadaye kwamba foleni ilifika barabarani, na mtalii mmoja alimuuliza kama yule babu ni mgonjwa.

Tulimkuta Mama Doroti barazani, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi, kucha za vidole gumba zimekuwa nyeusi. Alimtambua Yusta mara moja. Yusta akamweleza taratibu: Elirehema, bahasha, kanisani, kikao cha alasiri. Kila Yusta aliponitafsiria nilikuwa nakodolea uso wa yule mama. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Elirehema mwenyewe ni mzima?" Hapo nikajua atakuja.

Kisha akatueleza, na mimi nawapa kama nilivyopewa na Yusta. Mumewe alikuwa fundi wa mabomba. Kila alipopata kazi ya ziada alikunja noti moja akaitia kwenye kopo la kahawa jikoni kwao, akisema hii ni ya mlima. Alitaka wapande Kilimanjaro wote wawili atakapostaafu. Kopo lilijaa, mume akafa. "Nikaja peke yangu. Nauli na ada nililipa kwa pesa nyingine. Zake nilitaka ziwafikie watu watakaonifikisha juu."

Yusta akamwambia, kwa adabu, "Lakini mama, siku ile nilikwambia hatuzipokei."

"Uliniambia duka lenu halizipokei. Nikaona ni duka tu lina masharti yake. Kwetu noti haizeeki. Nikasema Elirehema ni mwenyeji, atajua pa kwenda." Kisha akasema, "Niliwapa zilizo bora kuliko zote nilizokuwa nazo."

Nilijiuliza kama kahawa ya lile kopo ilitoka kwetu. Sikuuliza, haikuwa wakati wake.

Alivaa kandambili, viatu havikuingia. Alitaka kwanza kupita dukani, akatoa noti zake nzuri za kichwa kikubwa, Meneja akamhesabia shilingi polepole, mate kidoleni, mpaka Yusta akamsukuma kwa kiwiko akamalizia yeye. Tukakodi gari tukapanda.

Kwa Mzee Kundaeli walikuwa wameshakaa. Ombeni, Felisi na Aminieli kwenye benchi, wake zao kwenye majani, na Elirehema peke yake kwenye kigoda upande wa pili, kama mtu aliyeposa akakataliwa. Nilipotokea kwenye migomba Ombeni alisema kwa sauti, "Haya, shangazi kaja kumtetea mtu wake."

"Shikamoo kwanza, Ombeni."

Akaona haya. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mimi sina la kusema hapa. Nimemsindikiza mgeni."

Mama Doroti akatokea nyuma yangu akichechemea, kofia yake ya kijani kichwani. Felisi ndiye aliyesimama akampisha benchi. Mzee Kundaeli akasema apewe maji. Mama Doroti akamwomba Elirehema ile bahasha, akazitoa noti akaziweka mapajani. Kisha akafungua mkoba wake wa kiunoni, akatoa nyingine chache zilizobaki, akaziweka kando ya zile. Zote kichwa kidogo. Zote zimekunjwa mara tatu. Mzee Kundaeli akavaa miwani, akachukua moja ya huku na moja ya huku, akaikunjua na kuiachia, akaikunjua na kuiachia.

"Zimekunjwa na mkono mmoja," akasema.

Mama Doroti akasema ndiyo, na mkono huo umezikwa. Yusta alipotafsiri hilo, mke wa Aminieli alijifunika kanga usoni.

Hakuna aliyemwambia Ombeni afanye nini. Alisimama akaenda hadi kwenye uzio wa masale. Wasio wa kwetu niwaeleze: masale ni ule mmea wa majani marefu unaozunguka vihamba vyetu. Mtu aliyemkosea mwenzake kosa zito huchuma jani lake, hulifunga fundo, humpelekea. Anayeletewa jani la masale hana ruhusa ya kukataa. Mababu waliliheshimu, na ukristo haukulifuta.

Ombeni alilileta kwa mikono miwili, ameinama. Elirehema hakulipokea upesi. Alilitazama lile jani muda wa kutosha mpaka kuku wakaanza kupita katikati yao. Mwishowe akanyoosha mkono.

"Nimepokea," akasema. "Na mimi ningegawa pale getini, mvua au si mvua, yasingefika hapa. Lakini Ombeni, safari ijayo usinibebee mzigo. Ngoja kwanza moyo utulie."

"Nitangoja, kaka."

Mama Doroti alikuwa anamvuta Yusta mkono, hilo jani ni nini. Alipoelezwa aliinuka na kandambili zake, akaenda kwenye uzio, na kwa kuwa hakujua, hakuchuma jani, alivunja shina zima na majani yake yote, akarudi nalo amelibeba kama mkungu. Felisi akaropoka, "Jamani, huyu mama makosa yake ni mengi!" Kiwanja kizima kikaangua kicheko, na Elirehema akacheka, mara ya kwanza tangu Jumamosi. Alilipokea lile shina kwa heshima yote.

Shilingi ziligawiwa pale pale juu ya jani la mgomba, watoto na wake na mzee wa kanisa wakitazama. Zile noti za fundi wa mabomba Elirehema alizirudisha kwenye bahasha mwenyewe akampa mama. "Mwambie arudi nazo kwao," alimwambia Yusta. "Huko hazijazeeka." Mama Doroti akaondoka na basi la Nairobi alfajiri, na hatukupata kumwona tena.

Mimi niliendelea na kazi. Bwana Karim alipofungua dirisha dogo Marangu nilikaa huko msimu mmoja, nikaumwa kifua kwa baridi. Akanihamishia Bomang'ombe, karibu na stendi, ambako watalii walikuwa wachache na wateja wengi walikuwa akina mama walioletewa pesa na watoto wao walio nje. Meneja Tarimo alistaafu kabla yangu. Siku ya kumuaga alisema mbele ya watu kwamba mimi ndiye mtumishi pekee ambaye chai yake haikuwahi kulowesha noti. Ile sheria ya pili hakuitaja. Nilipostaafu macho yalikuwa yameanza ukungu, nisingeweza tena kusoma mwaka kwenye noti.

Mjukuu wangu huniambia siku hizi pesa inaingia kwenye simu, haikunjwi wala haichaniki. Ni vizuri. Lakini wapandao mlima bado hushuka na noti kwenye soksi, na bado yupo mgeni anayeleta ya zamani kwa nia njema kabisa. Nyie mnaokaa madirishani sasa, mkimkatalia mtu, mwambieni na sababu, tena mara mbili. Sisi siku ile tulisema tu hatupokei, tukaita anayefuata.

Ombeni alingoja misimu miwili akibebea wengine. Wa tatu Elirehema alimwita mwenyewe, wakapanda pamoja mpaka magoti yao wote wawili yalipochoka. Tangu siku ile msafara wa Elirehema haukuwahi kugawana nyumbani. Hata theluji ianguke, turubai lilitandikwa getini. Ombeni alifariki mwaka jana. Jeneza lilibebwa kutoka barabarani hadi kihambani kwa sababu gari halifiki, na aliyekuwa mbele upande wa kulia, mzee mwenye fimbo aliyeikataa fimbo siku hiyo, alikuwa Elirehema. Vijana walitaka kumpokea njiani. Akawaambia, "Huyu mzigo wangu."

Hayo ndiyo ninayoyakumbuka. Nina shaka kama mpagazi wa tatu alikuwa Aminieli au mdogo wake Amani, maana walifanana na wote walikuwa mlimani miaka ile. Mimi nimeandika Aminieli. Na huenda aliyenadi ule mkungu hakuwa Mwalimu Nathanaeli. Anayejua zaidi, wa Machame au wa kokote, aje aniambie nirekebishe, nitamshukuru. Niko nyumbani, jioni sitoki. Sitaki mtu abaki na jina lake mahali ambapo hakuwepo.